Dabi ya Kariakoo Ufukweni Margate

Pale Stratford, kwenye depo moja ya mabasi, madereva wana mwenzao wanayemwita Bwana Dakika. Jina lake halisi ni Method Kimaro, Mchaga wa Kibosho, na hilo jina la utani analipenda kuliko anavyokubali. Miaka kumi na nne ameshika usukani Landani, na kuondoa basi nje ya wakati kwake ni aibu ya kwenda kuungama. Abiria akija mbio huku anapunga mkono, Method anamwonyesha saa kwa kidole na kuondoka zake. Ndiyo maana lililompata Margate mwezi wa kumi lilimchoma mara mbili, na mpaka leo ukitaka kumwona amenuna mtajie tu habari za saa.

Lakini kwanza umjue baba yake. Mzee Wilbard alikuwa fundi cherehani, na ukutani kwake kulikuwa na vitu viwili tu: picha ya Bikira Maria na kalenda ya Yanga. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru kidogo kidogo, na miaka sita iliyopita ikaisha kabisa. Mzee alikubali kushikwa mkono kwenda chooni. Alikubali kukatiwa nyama. Alichokataa katakata ni kuikosa dabi ya Simba na Yanga. Redio hakuitaka, alisema watangazaji wanapiga mayowe kama wanaibiwa, halafu mpira ukifika langoni wanasoma tangazo la sabuni. Nickson, mdogo wake Method anayeishi na mzee kule Kibosho, alishafukuzwa kazi ya kumsimulia mpira siku nyingi. Nickson ni Simba wa kufa mtu, na dabi moja alimtangazia baba yake bao la Simba ambalo halikuwepo, akakaa anamtazama mzee anavyoumia. Utani wa Simba na Yanga una ruhusa nyingi, lakini huo ulivuka mpaka.

Akabaki Method. Naye ni Simba, ila mzee alisema, "Huyu hawezi kuniongopea. Tangu mtoto, akivunja kikombe alikuwa anakuja mwenyewe na vipande mkononi."

Basi kila dabi ikawa hivyo. Method sebuleni kwake Stratford, kompyuta mbele yake, simu sikioni. Mzee Wilbard Kibosho, simu mezani imewekwa sauti ya juu, na ng'ambo ya uzio kibanda umiza cha jirani, pale vijana wanapobanana kuangalia mpira, kikivuma. Method anasimulia, mzee anauliza, wanagombana juu ya kuotea, wanatukanana kwa heshima. Kwa dakika tisini hakuna kipofu wala aliye mbali.

Dabi iliyopita Method aliikosa. Alipangiwa shift ya ghafla, akaomba, akasihi, ikashindikana, na katika purukushani hizo hakumpigia mzee kumwambia. Mzee alikaa na simu mapajani dakika zote tisini. Baada ya hapo kila Method alipopiga, aliambiwa "niko salama" na simu ikapewa Nickson. Ilichukua miezi miwili mzee kulegea, na siku alipolegea alisema neno moja tu.

"Ukinisahau tena, Method, ndiyo nitajua kwamba sasa mimi ni kipofu kweli."

Neno hilo lilimwingia Method kifuani likakaa humo. Akala kiapo kwamba dabi ijayo hata malaika ashuke Stratford atamkuta yuko na simu.

Malaika hakushuka. Aliyekuja ni mke wake na tiketi za treni.

Generosa ni mlezi wa wazee, na mzee wake wa muda mrefu ni bibi mmoja wa Forest Gate anayeitwa Margaret, umri themanini na nane, naye macho yamekwenda. Kila siku mchana Generosa anakaa naye mbele ya televisheni na kumsimulia tamthilia: nani kaingia, kavaa nini, uso wake ukoje. Method alikuwa akimcheka. "Kazi gani hiyo, kumsimulia Mzungu tamthilia ya Kizungu?" Generosa alikuwa akichukua mkoba wake na kwenda kazini. Miaka mitatu hakuwa na likizo ya maana. Mara mbili walipotoka Method aliiharibu safari kwa mpira, ya mwisho ikiwa ya harusi mjini Reading ambako bwana huyu alipotea wakati wa keki akakutwa amejifungia kwenye gari la watu, simu usoni.

"Jumamosi mpaka Jumatatu," Generosa alisema. "Margate. Haika yuko likizo ya half-term. Mimi, wewe na mtoto. Nataka kuona bahari nikiwa nimekaa, sijamshika mtu kwapani."

Wiki mbili baadaye ratiba ya ligi ikatoka. Dabi: Jumapili ileile, saa kumi na moja jioni za nyumbani.

Method alizunguka na habari hiyo siku tatu kabla ya kuisema. Alipoisema, Generosa alikuwa anakunja nguo, na aliendelea kukunja mpaka shati lenyewe likawa dogo kama leso.

"Saa kumi na moja ya nyumbani ni saa ngapi huku?"

"Saa tisa alasiri. Wametupita masaa mawili."

"Sawa. Jumapili hiyo, mpaka saa tisa wewe ni wetu. Simu yako itakaa kwenye mkoba wangu, nimezima sauti. Ikifika saa tisa, chukua, kamtangazie Baba, sitatia neno. Lakini kabla ya hapo, Method, nikikuona unaichungulia hata mara moja, ninaitupa baharini."

Method alikubali mbio, kabla mke wake hajabadili mawazo. Akampigia mzee kumhakikishia. Mzee alisema tu, "Nitakuwa nimekaa."

Jumamosi walifika Margate kukiwa na upepo wa kumpokonya mtu miwani. Method hakuona bahari wala mchanga, aliona mtandao tu. Chumbani, kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mfupi anayeitwa Marion, simu yake ilionyesha kistari kimoja cha mtandao, nacho kinawaka na kuzima. Intaneti ya nyumba ilikamata kwenye ngazi ya tatu tu, ngazi ya nne ilikuwa imeshakata. Alipanda na kushuka na tableti ya Haika mikononi mpaka Marion akauliza kama kuna kitu kimepotea. Hatimaye aligundua kwamba pale ufukweni, kwenye kibanda cha kujikinga mvua kinachotazama bahari, tableti ikiunganishwa na simu yake picha inakuja safi. Akakaa hapo nusu saa kwenye baridi, anaangalia marudio ya mechi ya zamani na kutabasamu peke yake. Mpango ulikuwa umekamilika: picha kwenye tableti, sauti kwenye simu, mzee mezani.

Usiku huo ndipo saa ziliporudishwa nyuma, kama Waingereza wanavyofanya kila mwisho wa mwezi wa kumi. Asubuhi kwenye chai, saa ya ukutani ya Marion ilikuwa bado haijaguswa, na yeye haifikii. Method alipanda juu ya kiti na kuirudisha nyuma saa moja kwa mkono wake mwenyewe.

"Saa moja ya bure!" akasema kwa furaha, akashuka.

Saa moja ya bure. Mungu amsamehe. Mtu ameitwa Bwana Dakika miaka yote hiyo, amesimama juu ya kiti cha mtu, amegeuza mshale kwa kidole chake, na haikumpitia kichwani kwamba Kibosho hakuna aliyepanda kiti. Kule saa ilibaki palepale. Masaa mawili yalikuwa yamekuwa matatu, na saa kumi na moja ya mzee Wilbard haikuwa tena saa tisa ya Margate. Ilikuwa saa nane.

Asubuhi ilikwenda vizuri kwa kadiri Margate mwezi wa kumi inavyoweza kwenda vizuri. Walitembea mchangani, maji yakiwa yamerudi mbali na kuacha tope linalong'aa. Walinunua samaki na chipsi, ndege wa baharini akashuka akachukua kipande cha samaki mkononi mwa Haika, mtoto akapiga kelele kwa Kiingereza na Method akamfokea ndege kwa Kichaga. Mvua ikaanza. Walikimbilia kwenye ukumbi wa michezo ya mashine, kelele tupu na taa za kuumiza kichwa, na Haika, ambaye ana miaka kumi na mbili na anajifanya mkubwa, akataka mwanasesere mmoja wa manyoya aliye ndani ya mashine ya kucha, ile ambayo kucha za chuma hushuka kunyakua zawadi.

Method alijitosa. Alikuwa anataka kuonekana baba mzuri, kwa sababu mtu anayesubiri saa tisa anaweza kuwa baba mzuri sana saa nane. Kucha zilishuka, zikamkamata mwanasesere, zikamwachia. Zikashuka tena. Alicheka, akajaribu, akakunja mikono ya shati. Na muda wote huo, kwenye mkoba begani mwa Generosa, simu iliyozimwa sauti ilikuwa inatetemeka, inanyamaza, inatetemeka tena, katikati ya leso na pipi na funguo, na hakuna aliyeisikia.

Walitoka mikono mitupu. Mnara wa saa wa pale ufukweni ulionyesha saa nane na dakika thelathini na nane.

"Mama Haika," Method alisema kwa sauti ya kubembeleza, "nipe basi simu. Zimebaki dakika ishirini. Nikatafute nafasi kule kibandani."

Generosa alimtazama, akaona mtu amejitahidi siku nzima, akafungua mkoba. Akaitoa simu. Kisha akasimama.

"Method. Baba amepiga mara kumi na moja."

Kitu cha kwanza alichofikiri Method ni msiba. Chini ya zile simu kulikuwa na ujumbe wa Nickson: *Bro uko wapi? Mpira dk ya 35. Mzee amekaa na simu tangu saa kumi na nusu, hataki hata maji.*

Method alisoma mara mbili. Akaangalia mnara. Akaangalia simu.

"Haiwezekani. Mpira ni saa tisa. Ni saa tisa!"

Haika ndiye aliyemkumbusha, kwa sauti ndogo, kwa Kiingereza chake, kwamba saa za huku zimerudishwa na za Tanzania hazirudishwi. "Dad, the clocks changed. Tanzania doesn't change."

Method alitamani mtoto awe amekosea, alitamani amfokee. Akamgeukia mke wake.

"Na wewe mkoba uko begani kwako, simu inatetemeka mara kumi na moja husikii?"

"Mimi?" Generosa alisema.

Method hakusubiri zaidi. Alichomoka mbio ufukweni, tableti kifuani, koti linapepea. Kile kibanda kilikuwa kimejaa watu waliokimbia mvua, wazee na mbwa wao, vijana na chipsi zao. Alijipenyeza ukingoni, nusu ndani nusu nje, akafungua picha na kupiga simu kwa wakati mmoja.

"Baba! Shikamoo, Baba. Nisamehe, saa za huku—"

"Marahaba. Mpira uko wapi?" Mzee hakutaka hadithi. Sauti yake ilikuwa kavu, lakini alikuwepo, alikuwa amepokea. Method akashukuru kimoyomoyo.

"Uko katikati, Baba. Yanga wanao. Beki wa kushoto anapanda... anampa kiungo... kiungo anageuka..."

Na hapo picha ikaganda. Jana yake ufukwe ulikuwa mtupu, leo kila mtu pale kibandani alikuwa ameinamia simu yake, na mtandao umeelemewa. Kwenye tableti kiungo wa Yanga alibaki mguu mmoja hewani, duara dogo linazunguka juu ya kichwa chake.

"Anageuka, halafu?" mzee aliuliza.

Mtu mwingine angesema sioni. Method alikuwa ameshachelewa dakika arobaini, ana neno la mzee kifuani, na alifikiri picha itarudi sasa hivi. "Ametoa pasi," alisema. "Imetoka nje. Unarushwa. Simba wanarusha." Duara linazunguka. "Wamerudisha nyuma kwa kipa." Duara linazunguka. "Kipa anatuliza. Mpira umepoa kidogo, Baba, wanapimana tu." Aliuchezesha mpira wa uongo katikati ya uwanja, mbali na magoli yote mawili.

Kwenye simu, kutoka ng'ambo ya uzio wa Kibosho, kikalipuka kishindo. Mayowe, mabati yanagongwa, mtu anapuliza filimbi. Na juu ya yote sauti ya Nickson, inayojulikana popote duniani, inalia jina la Simba.

"Method," mzee alisema. "Kelele hizo za nini?"

"Ni... kona, Baba. Simba wamepata kona."

Kishindo kiliendelea nyuma ya mzee.

"Nickson hapigi bati kwa kona," mzee alisema polepole. "Ungesema tu huoni. Na mimi sioni. Tungekaa wote wawili."

Simu ikakatwa.

Method alipiga tena. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Simba walikuwa wamefunga, timu yake mwenyewe, na hakusikia utamu hata wa kulamba kidole. Alisimama kwenye mvua anatazama ile bahari ya rangi ya chuma na kuichukia. Akauchukia mji, akamchukia ndege aliyeiba samaki. Zaidi ya vyote alijichukia mwenyewe, kwa sababu mara hii hakukosa tu, aliongopa, na alimwongopea mtu asiyeweza kuangalia.

Generosa na Haika walimkuta hapo. Mapumziko yalikuwa yameshaanza. Method, badala ya kusema lile lililomo moyoni, alisema jingine.

"Umefurahi? Margate yako hiyo. Baba hapokei."

Generosa alikuwa amelowa mpaka kwenye kope. Aliweka mkoba chini, juu ya benchi ambalo watu walikuwa wameanza kulihama.

"Nisikilize, Method, maana sitarudia. Miaka mitatu naomba siku mbili za kukaa mahali pasipo na mtu wa kumgeuza kitandani. Nimezipata. Nimezitumia kubeba simu yako. Saa umeigeuza wewe, juu ya kiti, watu wote wanakuangalia. Na simu tulikubaliana ikae kwangu, imezimwa sauti. Usinitafutie kosa nisilo nalo. Halafu Baba ni baba yangu pia."

Alitoa simu yake mwenyewe, ya kampuni nyingine ya simu, akampigia mkwewe.

Mzee Wilbard alipokea. Kumkatia mwanawe ni jambo moja, lakini mkwe anayepiga kutoka ng'ambo haachwi aite, huyo ni mke wa mtu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama Haika. Hamjambo? Mtoto?"

"Hatujambo. Baba, nimepiga kuomba radhi kwa niaba ya nyumba yangu. Tumekosea saa, na tumekosea zaidi ya hapo."

Kisha mzee akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, "Na wewe huko ulipo, unaona?"

Haika alikuwa ameshaichukua tableti na kuiunganisha na simu ya mama yake bila kuagizwa. Picha ilikuja safi, majani ya uwanja kijani kabisa, wachezaji wanarudi.

"Naona, Baba," Generosa alisema. Akakaa benchini, akajifunga mtandio vizuri, akaegemea mbele kidogo, vilevile anavyokaa kila mchana kule Forest Gate. "Naona. Wanaingia. Wekundu wako kulia kwako, kijani na njano kushoto. Jua linawapiga wekundu machoni. Kuna mmoja wa kijani, mrefu, kichwa kimenyolewa, anafunga kamba za kiatu na mkono unamtetemeka. Ana wasiwasi huyo."

"Namba ngapi?"

"Tisa."

"Eeh!" mzee alisema. "Endelea."

Generosa hajui kuotea. Hajui kiungo mkabaji wala winga. Alisema "yule anayekaa pembeni," alisema "wamemzunguka watatu kama vibaka," alisema "kocha wa wekundu amevua koti amelitupa, msaidizi wake analikung'uta vumbi." Alisema mpira uko wapi kama vile mtu anavyomwambia kipofu kikombe kiko wapi: mbele yako, kulia, hatua mbili. Kibosho mzee alicheka. Method hakuwahi kumsikia akicheka katikati ya dabi. Alimsikia akigomba, akilaani, akimtaja Mungu, lakini kucheka, hapana.

"Hiyo ni presha ya juu, Baba," Method alijipenyeza karibu na simu. "Simba wanakabia juu, wanawafungia kutoka—"

"Method, nyamaza," mzee alisema. "Namsikiliza mama Haika."

Method akasimama nyuma ya benchi, akaazima mwavuli wa mzee mmoja wa pale kibandani na kuushika juu ya mke wake na mtoto, maana mvua ilikuwa inaingia kwa upande. Maji yalimtiririkia mgongoni. Aliona wivu, wivu hasa, wa kitoto, na aibu ya kuwa na wivu.

"Baba, yule aliyekuwa anatetemeka ameachiwa," Generosa alisema, na sauti ikapanda. "Yuko peke yake. Mpira unakuja juu, unakuja, ameutuliza kifuani, kipa ametoka, kipa ameteleza, amepiga! Umeingia! Baba, umeingia! Hao wa kijani ni wa kwetu?"

"Ni wa kwetu, mwanangu!" mzee alipiga kelele, na kitu kikaanguka mezani kwake. "Ni wa kwetu!"

Hivyo ndivyo Generosa alivyokuwa Yanga, kwenye kibanda cha mvua Margate, bila kadi wala jezi. La pili lilifungwa dakika ya mwisho kabisa, kwa kichwa, na alilisimulia huku machozi yanamtoka, kwa sababu aliona mchezaji wa akiba, kijana aliyekaa benchi dakika zote, anakimbia kumkumbatia mfungaji na kuanguka. Haika aliruka. Mbwa mmoja akabweka. Simba walikuwa wamepigwa mbili kwa moja, na Simba pekee aliyekuwepo pale alikuwa ameshika mwavuli.

Filimbi ilipolia, Method aliomba simu. Generosa akampa.

"Baba."

"Naam."

"Nilikuongopea. Picha iliganda, nikatunga. Nilidhani nikikwambia sioni, utasema nimekusahau tena."

"Nimejua tangu uliposema mpira umepoa," mzee alisema. "Dabi haipoi." Akavuta pumzi, hakuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira. "Miaka sita umenieleza mpira, Method, na umenieleza vizuri, sikatai. Leo nimewaona watu. Nimemwona kijana anafunga kamba. Mke wako kajifunza wapi?"

Method alimtazama Generosa, ambaye alikuwa anakamua mtandio wake na hakuwa anasikiliza.

"Kazini," alisema. "Kuna bibi mmoja haoni. Anamsimulia tamthilia."

"Na wewe ulikuwa unalijua hilo?"

"Nilikuwa nalijua."

"Eeh," mzee alisema.

Jumatatu walirudi. Mvua ilikuwa imekatika na bahari imetulia, kama kwa makusudi. Ndani ya treni Method alikaa dirishani, simu yake mkononi, mtandao umejaa vistari vyote mpaka juu. Haika alilala begani kwake. Method alitaka kumwomba mke wake msamaha wa zile siku mbili, na wa Reading, na wa kule kumcheka, na kila alipofungua mdomo kituo kingine kikatangazwa.

Walipokaribia Stratford, simu ikalia. Method alijua bila kuambiwa ni nani. Mzee hupiga siku ya pili ya dabi kila mara, kuchambua makosa. Alinyanyua simu yake haraka, akaitazama.

Ilikuwa kimya. Iliyokuwa inalia ilikuwa kwenye mkoba wa Generosa.